Kiingereza cha Watoto wa Kutumwa

Kwa miaka kumi na miwili nilifundisha Kiingereza hapa Kalemie bila mtu yeyote darasani kukisema, na mimi mwenyewe nikiwemo. Nilikiandika ubaoni. Watoto walikinakili katika kaye zao, yaani madaftari yao, kwa mwandiko mzuri wa kushangaza, wakapiga mistari myekundu chini ya vichwa vya masomo, na mwisho wa muhula wakanirudishia kilekile nilichowapa, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani bila kuipikia. Maelezo yalikuwa kwa Kifaransa, maonyo kwa Kiswahili, Kiingereza kwa chaki. Kila mtu aliridhika. Mkaguzi wa masomo akija alifungua kaye, akaona zimejaa, akatia sahihi, akanywa soda yake akaenda zake.

Kisha wakatuita semina. Aliyetufundisha, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko vya kwetu sote, alituambia kwamba kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika havitenganishwi. Mtoto avifanye vyote katika somo moja, kimoja kizae kingine. Mwenzangu aliyekaa kando yangu akaninong'oneza kwamba mafiga ni matatu tangu enzi za mababu, hili la nne litatumwagia chungu. Nilicheka mpaka nikatazamwa. Lakini nilirudi nyumbani neno lile likiwa limenikaa moyoni, kwa sababu nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya miaka yote ile. Nilikuwa mwalimu wa mwandiko.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilichukua mazungumzo ya kitabuni, bwana mmoja anaagiza chai hotelini, mwanamke mmoja anamuuliza kama anataka maziwa, nikawasimamisha watoto wawili wawili wa mwaka wa nane wayaseme. Waliyasema kama sala ya kulala. Yule bwana wa chai aliagiza huku anatazama dari, na yule mwanamke akamjibu kabla hajamaliza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nilikuwa sijala. Nilirusha chaki ukutani, nikatoka nje nikasimama kwenye veranda nikitazama ziwa. Nilijiambia kesho narudia ubao wangu.

Wakati wa mapumziko mmoja wao akanifuata. Alikuwa binti wa mama muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, msichana wa maneno mengi na kaye chafu kuliko zote. Alisimama kwa adabu, akanisalimia upya ingawa tulikuwa pamoja tangu asubuhi, akaniuliza nimeamkaje, watoto wangu wameamkaje, kikohozi cha mume wangu kimefikia wapi. Halafu akanyoosha mgongo.

"Madamu, nimetumwa. Mama anasema ivi: ile ndagala muliomba imefika, njo ya Moba, haina muchanga. Mukuye mbele ya saa sita, sababu kuko mama mwengine anaiangalia na macho mubaya. Na musilete tena kile kitunga yenye matundu, ya mara ingine ilianguka yote mu njia."

Sauti ilikuwa ya mama yake kabisa, hata ile ya kunisema kuhusu kikapu. Hakuacha neno. Nami niliyekuwa nimetoka kurusha chaki nikabaki mdomo wazi, maana binti huyu huyu dakika kumi zilizopita alishindwa kuniambia kwa Kiingereza kwamba anataka maziwa.

Kwetu mtoto ni wa kutumwa. Simu zipo, lakini mtandao una tabia zake, na watu wengi bado wanauamini mdomo wa mtu kuliko kioo. Anayepanda boti kwenda Moba hupewa maneno ya nusu ya mtaa ayafikishe. Na kuna taratibu, wala si za mchezo. Bibi yangu, kabla hajaniachilia kwenda kwa jirani, alinifanya nirudie ujumbe mara tatu. Neno likidondoka, tunaanza upya. Ukifika kwa watu huutupi ujumbe mlangoni. Unaingia, unakaa, unasalimia, unaulizia wa nyumbani, ndipo unasema umetumwa. Ujumbe wa kusemewa mlangoni, mjumbe amesimama, ni mmoja tu, nao ni wa msiba.

Siku iliyofuata niliingia darasani bila kitabu. Nilimwita mtoto mmoja nje, nikamnong'oneza ujumbe kwa Kiingereza: mwambie yule mrefu wa dirishani achukue ufagio ampe msichana mwenye sweta ya kijani. Akarudia mara tatu. Akaingia, akaenda kwa yule mrefu, akausema. Sheria yangu ilikuwa kwamba anayepokea hajibu kwa mikono, anaandika kwanza alichosikia, kisha karatasi inapelekwa kwa mtu wa tatu, anaisoma kwa sauti, na hapo ndipo jambo linatendeka. Ufagio ulipofika kwa mwenye sweta ya kijani darasa zima lilipiga makofi kama vile treni imeingia kwa wakati. Watoto hamsini na wanne wote walitaka kutumwa. Nilitoka pale natembea peke yangu njiani ninacheka, na mwendesha pikipiki mmoja akaniuliza kama niko sawasawa.

Taabu yangu ya kwanza ilikuwa salamu. Hawakukubali kuziacha. Nilitegemea mtoto afike, aseme, akae, lakini kila mjumbe alitafuta kwanza kiti, akamuulizia mwenzake usingizi wake, mama yake, kuku wa nyumbani, na mwenzake akajibu vyote na kuuliza vyake. Kwa kuwa Kiingereza chao kilikuwa kidogo walikuja kuniuliza mimi: kikohozi ni nini kwa Kiingereza, shemeji ni nini, pole na safari tunasemaje. Hiyo ya mwisho mpaka leo sijaipata. Kengele ililia tukiwa na ujumbe mmoja tu uliofika. Nikakasirika, nikapiga marufuku salamu. Wazungu hawasalimiani hivyo, niliwaambia, kana kwamba niliwahi kulala kwao. Mtu afike aseme moja kwa moja.

Walitii, na utii wao ndio ulioniponza. Nilimtuma kijana mmoja kwenye biro, ofisi ya Prefe, ndiye mkuu wa shule yetu, akamwombe sekretere chaki kwa Kiingereza. Sekretere ni mama mpole, alijifunza Kiingereza kidogo zamani na alikuwa amekubali kutusaidia. Kijana alikwenda mbio kwa vile nilisema haraka. Akasimama mlangoni, hakuingia, hakusalimia, akasema kwa sauti kubwa, anahema, kwamba ametumwa na Madamu.

Mama wa watu hakungoja chaki. Aliweka mikono kichwani.

"Yooo! Nani alikufa? Mutoto yake? Bwana yake?"

Kijana naye, kuona mtu mzima analia, akasahau ujumbe wote, akaanza kulia. Prefe akatoka biro yake ya ndani na miwani mkononi. Nilipofika nilikuta mwalimu wa hesabu ameshavua kofia na mlinzi ameshaulizia maiti iko wapi. Ilinibidi nisimame katikati yao na kueleza kwamba hakuna aliyekufa, tulikuwa tunaomba chaki. Sekretere alifuta macho. Akanipa chaki mbili na hakusema nami mpaka Jumatatu.

Basi nikazirudisha salamu, zote, pamoja na kuku. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kweli, jambo ambalo lilinifunza kufunga mdomo wangu. Salamu ndizo zilizokuwa zimebeba lugha yote: juzi na jana, nani ameumwa na nani amepona, mvua itanyesha au haitanyesha, kwa nini dada hakuja shule. Mjumbe akiuliza anasikiliza jibu kwa masikio mawili, kwa kuwa jibu hilo naye atalirudisha kwa aliyemtuma. Watoto wakaanza kutumana wenyewe nje ya somo. Nilikutana nao karibu na daraja la Lukuga wakisalimiana kwa Kiingereza huku wanasukuma baiskeli, wanasahihishana kwa kelele, na wapita njia wanawashangaa. Niliipenda klasi ile kuliko klasi zote nilizowahi kupewa. Nilikuwa naamka asubuhi nikiharakisha uji.

Kitu kimoja tu hakikujaa, nacho ni kaye. Karatasi zetu zilikuwa vipande, zinazunguka mkono kwa mkono mpaka zinachanika. Prefe, ambaye si mtu mbaya ila ni mtu wa kujilinda, aliniita.

"Mama, miye nasikia kelele yenu, na ni kelele ya muzuri. Lakini mukaguzi hakaguake kelele. Anakagua kaye. Akiandika vibaya, hii klasi ya nane nitaipatia mwenzako. Weye utabaki na masaa ya civisme, ya uraia tu. Nakuambia mapema, usiseme sikukuambia."

Mwenzangu huyo ni yule wa mafiga matatu. Ni mtu mwema, na ubao wake unajaa kutoka kona hadi kona. Nililijua alilosema Prefe kuwa la kweli, na bado sikujaza kaye. Sitasema nilikuwa shujaa. Niliahirisha tu, nikijiambia wiki ijayo, wiki ijayo.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya Jumatano, hakutangaza. Alikuwa mzee mnene kidogo mwenye miwani, mguu mmoja ukimsumbua, amekuja kwa pikipiki na vumbi lote la barabara. Akakaa kwenye benchi la nyuma, magoti yakimfika kifuani, Prefe kasimama kando yake. Tulikuwa katikati ya somo, wajumbe wanakwenda na kurudi. Hakuinua macho hata mara moja. Aliomba kaye. Akafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaipekua kila moja kama anapepeta mchele. Kisha akaokota ya binti wa ndagala. Ilikuwa na kurasa mbili zilizoandikwa na doa la mawese, na harufu yake sote tuliijua. Akaishika kwa kona, akaiinua darasa zima ione.

"Hii njo Anglais ya mwaka muzima?"

Hakuna aliyecheka. Binti aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa dawati. Nikafungua mdomo nijibu, na jibu nililokuwa nalo lingenifukuzisha kazi. Prefe akanitazama. Nikaufunga.

Mkaguzi akaweka kaye chini. Alisema kazi isiyoonekana si kazi, akainuka kwa kushikilia ukuta, akaenda kwenye biro ya Prefe kuandika ripoti yake. Tulisikia mguu wake mbovu ukiburuzika verandani mpaka mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye kiti changu. Nadhani watoto hawakuwahi kuniona nimekaa. Waliujua ule mpango wa kunibadilisha, maana shuleni hakuna siri. Mwisho binti wa ndagala akainua kichwa. Uso ulikuwa umelowa.

"Madamu, bado hajamaliza kuandika. Tumutumie ujumbe."

"Nani ataenda?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Miye. Kaye ilikuwa yangu."

Ningesema hapana. Mwalimu mwenye akili angesema hapana. Lakini hasira yangu ilikuwa bado inatafuta mahali pa kwenda, nikasema ndiyo. Basi wakaanza kuutunga, wakibishana kwa Kiingereza kwa vile hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya ujumbe. Mmoja alitaka tumwambie kwamba kaye zitajaa kesho. Mwingine alitaka tumsifie kwanza miwani yake. Mwingine tena alitaka tuombe msamaha, akazomewa. Mrefu wa dirishani alikuwa ubaoni anaandika na kufuta, wengine wanasoma kwa sauti na kumsahihisha, na nilikaa pale nikitazama mafiga yote manne yanawaka mbele yangu siku ambayo nilikuwa nanyang'anywa chungu. Walichokubaliana, ukikiweka kwa Kiswahili, kilikuwa hivi: Bwana, umesoma kaye zetu. Hujatusikia. Tunakuomba utusikie kabla hujaandika.

Binti akaurudia mara tatu. Akafuta uso kwa sketi, akaenda. Mjumbe hauawi, nilijiambia. Ila juu ya aliyemtuma mjumbe, wahenga walikaa kimya.

Yaliyotokea biro nilisimuliwa baadaye na sekretere, aliyekuwa amekaa palepale na hakupoteza hata moja. Binti alibisha hodi, akaingia, akaomba kiti. Mkaguzi alimpa kwa mshangao tu. Akaanza kwa Kiingereza: ameamkaje, safari ilikuwaje, nyumbani kwake wamebaki wazima? Kiingereza hicho kilikuwa na mashimo kama barabara ya Manono, lakini kilipita. Mkaguzi akamjibu kwa Kifaransa kwamba yuko kazini. Binti akamwambia, bado kwa Kiingereza na kwa heshima zote, kwamba samahani baba, ujumbe wangu ni wa Kiingereza, jibu la Kifaransa siwezi kulibeba. Kisha akamuuliza kuhusu mguu. Je, unauma zaidi asubuhi?

Sekretere anasema mzee yule alivua miwani, akaiweka juu ya ripoti. Halafu akajibu. Polepole, akitafuta kila neno, akasema kwamba ndiyo, asubuhi. Na ngazi ni mbaya kuliko yote. Binti akampa pole, akamwuliza kama mkewe anampashia maji ya moto. Walikwenda hivyo muda mrefu. Ndipo akasema ametumwa, akautoa ujumbe wote, neno kwa neno.

Sisi darasani hatukujua lolote la hayo. Tuliona tu kwamba amekawia. Niliwafanya waimbe, wakakataa. Aliporudi alifungua mlango taratibu, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akavuta kiti cha mtu, akakaa.

"Sema!" nikamwambia.

Hakusema. Aliniuliza kwa Kiingereza kama mchana wangu unakwenda vizuri. Nilijibu kwamba unakwenda vizuri. Akaulizia watoto wangu. Wazima. Na kikohozi cha baba wa nyumbani? Kimepungua. Nyuma kuna aliyeguna kwa uchungu, mwenziwe akampiga kofi la bega. Nilitaka kumtikisa mtoto yule kama mti wa mapera. Lakini ni mimi niliyezirudisha salamu, tena zote, nikazijibu zote.

Ndipo akanyoosha mgongo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, nzito na ya kutafuta maneno. Mwambie mwalimu wako kwamba kaye zenu ni mbaya, na nitaandika kwamba ni mbaya. Mwambie kila Ijumaa kila mtoto aandike ujumbe aliobeba wiki hiyo, katika kaye, si katika vipande. Nitarudi kuzisoma. Mwambie pia kwamba nimekagua Kiingereza tangu nilipokuwa kijana, katika shule za ziwani na za bara, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu ameniuliza kitu kwa Kiingereza akitaka kujua jibu. Klasi inabaki kwake.

Kelele iliyofuata siwezi kuieleza. Madawati yalisogea yenyewe. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja mlangoni kuuliza kuna nini, akavutwa ndani akachezeshwa. Katikati ya vurugu hiyo binti alikuwa bado amekaa mbele yangu, mikono magotini, kazi yake haijaisha.

"Madamu, ananingojea. Munipe jibu nipeleke."

Nikafungua mdomo. Mwalimu wa Kiingereza wa miaka yote hiyo, nikatafuta neno moja la Kiingereza, lolote, na sikulipata. Machozi yalikuwa yananitoka mbele ya watoto wote na sikuona haya. Binti aliningoja kidogo. Kisha akainama karibu, wengine wasisikie.

"Museme tu mu Kiswahili, Madamu. Miye nitamufikishia na Kingereza."

Nikamwambia: mwambie asante, mwambie kaye zitajaa, na watoto hawatanyamaza. Akarudia mara tatu, akaenda.